Mnara wa adhana au mnara wa lindo? Jibu kuhusu Lucera, mji wa kilimani kusini mwa Italia

Swali: Assalam alaykum, mwalimu. Binti yangu anasoma Foggia, kusini mwa Italia. Jumapili moja yeye na wenzake walipanda mpaka mji wa Lucera, ulio juu ya kilima, akanitumia picha ya ukuta mrefu wa matofali wenye minara miwili ya duara. Mwenyeji wao aliwaambia kwamba zamani mji huo wote ulikuwa wa Waislamu. Je, ni kweli? Ile minara ni ya msikiti? Na kama Waislamu walikuwapo, walikwenda wapi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Wa alaykum salaam, mama. Nianze na picha, kwa sababu karibu kisa chote kimo humo.

Minara ni minara, ila si ya adhana. Kiswahili chetu hapa kinatuponza kidogo: neno hilohilo moja hubeba pahala pa muadhini, pahala pa mlinzi, na hata taa ya kuongozea vyombo baharini. Hiyo miwili ni ya mlinzi. Mkubwa wenyeji huuita mnara wa Simba Jike, na mwenzake mnara wa Simba. Iliinuliwa na Carlo I wa Anjou, Mfaransa aliyetawala kusini mwa Italia, pamoja na ule ukuta wote, kati ya mwaka 1269 na 1283. Sasa mwambie binti yako atazame imekaa wapi. Iko kwenye pembe mbili za upande unaoelekea mji, na mbele yake limechimbwa handaki. Ngome hutia nguvu upande anakotarajiwa kutokea adui, na hii imeuelekezea mji kifua. Ni kweli pia kwamba pande nyingine za kilima zina mteremko mkali unaojilinda wenyewe, kwa hiyo fundi hakuwa na haja ya kujenga sana huko. Lakini hilo haliondoi lile la kwanza. Mfalme aliwaogopa watu wa mjini, na watu hao walikuwa Waislamu.

Kwa hiyo ndiyo, mwenyeji alisema kweli. Tangu miaka ya 1220 hadi Agosti 1300, Lucera ilikuwa na misikiti, kadhi, wapiga upinde na wafumaji, ikisali Ijumaa hadharani, ndani kabisa ya nchi ya Kikristo, safari ya siku chache tu kutoka Roma. Katika maandishi ya Kiarabu inaitwa Lujara. Wakristo wa zama hizo waliiita Lucera ya Wasarasini, jina walilowapa Waislamu wote.

Walifikaje huko? Hawakwenda kwa hiari. Majeshi ya Kiislamu kutoka Tunisia yalishuka Sisilia mwaka 827, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 10 karibu kisiwa kizima kilikuwa chao. Kuanzia 1061 wakaja Wanormani, mashujaa wa kukodiwa kutoka kaskazini mwa Ufaransa, na kufikia 1091 wakawa wamekinyakua chote. Kwa muda wafalme wa Kinormani waliwavumilia Waislamu, wakawatumia katika ofisi zao na hata kuandika hati kwa Kiarabu. Baadaye mambo yakaharibika. Ardhi iligawiwa mabwana na makanisa, Waislamu wakashambuliwa mijini, waliobaki wakakimbilia milima ya magharibi mwa kisiwa. Huko, kwenye ngome za Iato na Entella, waliinuka chini ya kiongozi aliyeitwa Muhammad ibn Abbad.

Aliyewakabili ni Kaisari Federico II, mkuu wa Dola Takatifu ya Kirumi na mfalme wa Sisilia, mjukuu wa mfalme Roger II wa Sisilia kwa upande wa mama, aliyezaliwa 1194 na kulelewa Palermo. Wapo wanaompenda Federico kupita kiasi na kumwita rafiki wa Uislamu. Mimi simo. Ni kweli alizungumza na mabalozi wa Kiarabu kuhusu hesabu na falsafa, na mwaka 1229 aliupata mji wa Jerusalem kwa mapatano na Sultani al-Kamil wa Misri bila vita. Lakini ndiye aliyeivunja jamii ya Waislamu wa Sisilia. Aliwazingira milimani, na kila kundi lililosalimu amri akalihamishia bara, mamia ya kilomita kutoka kwao. Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1220 na ikamalizika 1246, alipoondoa mabaki ya mwisho. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokusanywa Lucera walikuwa kati ya watu 15,000 na 20,000.

Aliichagua Lucera akijua anachofanya. Kilima kiko peke yake juu ya Tavoliere, tambarare kubwa kuliko zote za kusini mwa Italia, kama kilomita 18 kutoka Foggia. Hakuna bahari karibu, basi hakuna jahazi la kuwachukua kuwarudisha Sisilia wala Tunisia. Kuna ardhi ya ngano. Na kuna bwana mwenyewe jirani, kwani Federico alijijengea kasri Foggia mwaka 1223, na tao lake moja lenye maandishi lingalipo. Binti yako huenda hulipita kila siku bila kulijali. Wageni hao walizungukwa na Wakristo pande zote. Hawakuwa na mlinzi duniani ila yeye, na alijua kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kumgeuka.

Kwenye nyaraka aliwaita watumwa wa hazina yake. Neno hilo ni zito, na maana yake kisheria ilikuwa kwamba ni mali ya mfalme, hakuna bwana mwingine wala askofu wa kuwagusa. Walilipa jizya. Hebu ona jambo hilo lilivyogeuzwa: kodi ambayo katika dola za Kiislamu hutozwa wasio Waislamu, hapa walitozwa Waislamu wenyewe, na jina lake la Kiarabu likaingia katika vitabu vya Kilatini vya makarani wa mfalme. Badala yake walipewa uhuru wa dini na wa kuhukumiana kwa sheria yao.

Na walifanya kazi. Walilima, mwaka 1239 Federico aliamuru wapewe maksai 1,000 wa kulimia, kama walivyokuwa wakipewa Sisilia siku za wafalme waliotangulia. Walitengeneza pinde na mishale, matandiko ya farasi, mahema, mazulia, kazi za mbao. Walifuga ngamia wa mfalme na kutunza chui wake wa kuwindia. Zaidi ya yote walitoa askari. Wapiga upinde wa Lucera walimfuata Federico hadi kaskazini mwa Italia, na kwa adui zake walikuwa tishio lenye sababu nyepesi: Papa aliweza kumtenga Kaisari na Kanisa na kuwaharamishia Wakristo utiifu kwake, lakini kwa Mwislamu wa Lucera tamko hilo lilikuwa upepo tu.

Papa naye alilijua hilo. Mwaka 1232 Gregori IX alilalamika kwamba Wasarasini wa Lucera wamebomoa kanisa la jirani na kuchukua mawe na mbao zake kwenda kujengea kwao. Kumbuka malalamiko hayo, tutakapofika kwenye kanisa kuu utaona mawe nayo husafiri kwenda na kurudi. Mwaka uliofuata alituma watawa Wadominiko wakahubiri, akimwandikia Kaisari awapokee. Miaka mingi ya mahubiri haikubadilisha mji.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika atataka kulijua, na wenye kuongoza watalii hulipita mbio. Katika nyumba ya Federico walikuwamo watu weusi, wengi wao watumwa. Hati za mwaka 1239 zinaeleza alivyoagiza vijana weusi wafundishwe kupiga tarumbeta. Mmoja wa watu hao, aliyejulikana kama Giovanni Moro, yaani Yohana Mweusi, mtoto wa mjakazi wa kasri, alipanda ngazi mpaka akawa msimamizi wa nyumba ya kifalme, na baada ya Kaisari kufa mwaka 1250 akawa ndiye mwenye mji wa Lucera mkononi, pamoja na hazina ya dola iliyowekwa humo. Kwa miaka kadhaa mwana wa mjakazi Mwafrika alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kuliko wote kusini mwa Italia.

Mwisho wake unaingia katika kisa ninachokipenda kuliko vyote vya mji huu. Mwaka 1254 Manfredi, mwana wa Federico aliyezaliwa nje ya ndoa, alikuwa akimkimbia Papa Inosenti IV. Alipanda farasi usiku kwenye mvua, akivuka milima, kuelekea Lucera, maana huko ndiko kulikokuwa na fedha na watu wa baba yake. Giovanni Moro alikuwa amekwisha kuona upepo unavuma wapi, ameondoka kwenda kumwangukia Papa, na kabla ya kwenda alikuwa amemwachia naibu wake funguo na amri ya kutomfungulia mtu. Manfredi akafika langoni. Walinzi wakamtambua, wakafurahi, lakini funguo hawana. Mmoja akashauri aingie kwa mfereji wa maji uliopita chini ya lango. Mtoto wa mfalme akashuka kwenye farasi, akalala kifudifudi, akaanza kutambaa. Waislamu walipomwona mwana wa Kaisari wao tumboni kwenye matope, wakasema hilo halitakuwa, wakalivunja lango, wakambeba juu kwa juu hadi ndani ya mji. Hiyo ilikuwa Novemba 1254. Kwa hazina ya Lucera Manfredi alikodi jeshi, na mwaka 1258 akavikwa taji Palermo. Giovanni Moro hakurudi. Aliuawa katika mji wa Acerenza na Waislamu wenzake wa zamani.

Kama kuna anayeshuku kwamba haya ni chumvi ya waandishi wa Kikristo, yupo shahidi wa upande wetu. Mwaka 1261 Sultani Baybars wa Misri alimtuma kwa Manfredi balozi mwanachuoni, Ibn Wasil, kutoka Hama huko Sham. Ameandika kwamba karibu na alipokaa kulikuwa na mji uitwao Lujara, wakazi wake wote Waislamu wa asili ya Sisilia, wakisali Ijumaa na kuzidhihirisha ibada zao bila kificho. Anasema wengi katika watumishi wa karibu wa Manfredi walikuwa Waislamu, na kwamba katika kambi yake adhana ilisikika wazi. Anaongeza kwamba Manfredi alikuwa ameanza kujenga Lucera nyumba ya elimu. Kwangu huyo ndiye shahidi mkubwa, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kumsifu mfalme Mkristo isipokuwa kwamba aliyaona.

Nyumba ya elimu haikumalizika kwa lolote tunaloliona leo. Papa alimwita Carlo wa Anjou, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, na kuitangaza vita ya msalaba juu ya Manfredi na Wasarasini wake. Tarehe 26 Februari 1266, karibu na Benevento, wapiga upinde wa Lucera ndio walioanza mapigano, na jioni Manfredi alikuwa maiti. Mji ukamtii Carlo. Miaka miwili baadaye ukaasi, kwa ajili ya kijana Corradino, mjukuu wa Federico, aliyekuja kudai urithi wake. Corradino akashindwa Tagliacozzo na kukatwa kichwa Naples, Oktoba 1268. Lucera iliendelea peke yake, imezingirwa, mpaka Agosti 1269 njaa ilipoifungua.

Watu walitarajia mauaji. Carlo hakuwaua, aliwatoza. Alikuwa mtu wa hesabu, na mji wa wakulima, mafundi na askari ulikuwa na faida zaidi ukiwa hai. Aliwatumia katika vita vyake, hata ng'ambo ya bahari huko Albania. Ila kwa usalama wake akajenga ule ukuta wa picha yako juu ya kilima cha Monte Albano, mzunguko wake karibu mita 900, wenye minara zaidi ya 20, akaweka ndani yake askari na walowezi kutoka Provence, kusini mwa Ufaransa. Walowezi hao wana mkia wa kushangaza. Katika vijiji viwili vya milima ya karibu, Faeto na Celle di San Vito, mpaka leo kuna watu wazungumzao lugha ya jamii ya Kifaransa ya kusini-mashariki, na mapokeo yao yanasema mababu zao walitoka kwenye jeshi la Anjou. Sheria ya Italia ya mwaka 1999 inaitambua lugha yao pamoja na lugha nyingine za wachache. Waliowekwa kuwalinda Waislamu wameacha lugha hai. Waliolindwa hawakuacha.

Maana sasa tunafika mwaka 1300, na swali lako la tatu. Carlo II, mwana wa huyu wa kwanza, alikuwa amezama katika madeni ya vita vya Sisilia vilivyoanza 1282. Agosti 1300 alimtuma Giovanni Pipino, mwanasheria wa Barletta aliyekuwa mtu wake wa kuaminika, aumalize mji. Kazi ilianza tarehe 15, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na kufikia tarehe 24 hapakuwa tena na mji wa Waislamu. Waliouawa waliuawa. Waliobaki, wengi mno, walisukumwa barabarani kwa makundi na kuuzwa utumwani katika miji ya Puglia, mkoa wenyewe wa Lucera, na Naples. Ngano yao, mifugo, zana na nyumba viliorodheshwa kwa faida ya hazina. Wachache walibatizwa na kubaki. Katika hati zake mfalme anasema alisukumwa na bidii ya imani. Sina haja ya kubisha kwamba imani ilikuwamo, ulikuwa mwaka wa jubilei ya kwanza ya Kanisa, yaani mwaka wa msamaha wa dhambi, mahujaji wakimiminika Roma. Lakini mtu ambaye shabaha yake ni roho za watu haorodheshi maksai wao siku ileile. Mfalme mwenye deni aliona mali ya aina mbili juu ya kilima, vitu na watu, akauza vyote viwili.

Jina pia liliondolewa. Mji uliitwa Mji wa Mtakatifu Maria, na Wakristo wakaalikwa kuja kukaa kwa kupewa ardhi. Watu hawakulizoea jina jipya, wakarudia Lucera.

Ndiyo maana, mama, binti yako hakuona mnara wa adhana. Hakuna hata msikiti mmoja uliobaki umesimama. Lakini si kwamba hakuna cha kuona, ila ajue anachotafuta, na asitangulie kutafuta kuba.

Ndani ya ukuta wa Anjou, kwenye pembe yake moja, kuna kitako kikubwa cha mraba chenye kuta zilizolala kidogo kwa ndani na matundu membamba ya kupigia mishale. Hicho ndicho kilichobaki cha kasri la Federico, lililoanza kujengwa 1233. Juu ya kitako hicho palikuwa na ghorofa zilizozunguka ua, na mwaka 1240 Kaisari aliamuru sanamu za kale zibebwe kutoka Naples kwa mabega ya watu zije kulipamba. Mchoraji Mfaransa Jean-Louis Desprez aliwahi kulichora karne ya 18 likiwa tayari gofu. Si muda mrefu baadaye wenyeji walilibomoa na kuchukua mawe. Anayefika leo na kuona kisanduku cha mawe kwenye nyasi huvunjika moyo. Mimi pia nilivunjika moyo mara ya kwanza. Mara ya pili nilikaa pale muda mrefu, nikaanza kuona ngamia.

Wachimbuaji wa mambo ya kale waliochimba humo ngomeni katika karne ya 20 walipata vyungu na sahani zilizopakwa rangi, vioo, na katikati yake vipande vidogo vya vyombo vya kauri kutoka China. Wewe wa Tanga hutashangaa sana. Vipande kama hivyo vimeokotwa katika magofu ya pwani yetu mpaka tumevizoea. Kwa Ulaya ya karne ya 13 lilikuwa jambo adimu mno. Vyombo vingi vya Lucera ya enzi hiyo vimo katika makumbusho ya mji, kwenye nyumba moja ya zamani nyuma ya kanisa kuu. Kwangu vyombo hivyo ndivyo vinavyowakaribia watu wenyewe kuliko ngome yoyote, kwani ukuta ni wa bwana, sahani ni ya aliyekula humo.

Kanisa kuu lenyewe lilianza kujengwa mara tu baada ya Agosti 1300, kwa amri ya Carlo II, na likawekwa chini ya jina la Bikira Maria aliyepalizwa, kwa sababu ya ile siku ya tarehe 15. Mapokeo ya mji yanasema limesimama pale palipokuwa msikiti mkuu. Ni moja ya majengo machache ya kusini yenye mtindo wa Kigothi wa Kifaransa yaliyobaki karibu kama yalivyojengwa: marefu, makavu, paa la mbao, mapambo kidogo. Atazame nguzo za marumaru ya kijani, ambazo ni kuukuu kuliko kanisa, ziliokolewa kutoka majengo ya zamani ya mji. Halafu aende mbele atazame meza ya altare. Inasemekana ni bamba la jiwe la meza ya kulia ya Federico, lililoletwa kutoka Castel Fiorentino, ngome ndogo iliyo kaskazini mwa Lucera, ambamo Kaisari alikufa tarehe 13 Desemba 1250. Waislamu walilaumiwa kwa kuchukua mawe ya kanisa, na kanisa likachukua meza ya bwana wao.

Sikukuu kubwa ya mji bado ni katikati ya Agosti, na sanamu ya mbao ya Maria Msimamizi hubebwa mitaani. Kama binti yako atakuwapo, aende akaone, ni sherehe nzuri ya majirani. Wengi wanaobeba sanamu hiyo hawafikirii mwaka 1300 hata kidogo, na sidhani kama kuna sababu ya kuwalaumu.

Mengine nitayapitia kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo, bali hukuyauliza. Lucera ni ya kale kuliko dini zote mbili. Warumi waliokuwa wakija kuisaidia mwaka 321 KK ndio walionaswa na Wasamniti, watu wa milima ya Italia, kwenye bonde la Caudium na kupitishwa chini ya nira kwa aibu ambayo Roma haikuisahau. Miaka michache baadaye Roma iliichukua na kupeleka walowezi 2,500. Sufi yake ilisifiwa na washairi wa Roma. Jemadari wa Kirumi Pompeius aliweka makao yake hapo mwaka 49 KK akiwa anamkimbia Kaisari Julius. Na mwaka 663 BK jeshi la mfalme wa Konstantinopoli, Constans II, liliiharibu vibaya. Kutoka enzi hizo kuna uwanja mkubwa wa michezo wa Kirumi pembeni mwa mji, mita 131 kwa 99, uliogunduliwa 1932. Juu ya lango lake kuna maandishi ya tajiri wa mji, Marcus Vecilius Campus, anayesema ameujenga kwenye kiwanja chake mwenyewe kwa heshima ya Augusto na ya mji. Walioishi Lucera ya Kiislamu huenda walichunga mbuzi juu yake bila kujua. Na katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, nalo la siku za Carlo II, umelazwa mwili wa Francesco Antonio Fasani, mtawa mzaliwa wa mji aliyefariki 1742 na kutangazwa mtakatifu 1986. Wazee wa Lucera humwita Padri Mwalimu, na ukitaka kupendwa nao, uliza habari zake kwanza kabla hujauliza za Wasarasini.

Namna ya kwenda ni nyepesi: treni ndogo kutoka Foggia hufika chini ya kilima kwa muda mfupi, kisha ni kupanda kwa miguu. Ningemshauri aanze na makumbusho, apite kanisa kuu, amalizie ngomeni alasiri jua likiwa limelegea, kwani matofali ya ukuta hugeuka rangi ya tende wakati huo. Asimame chini ya ule mnara wa Simba Jike, mgongo kwenye matofali, atazame mbele. Ataona mapaa ya mji na katikati yake kanisa kuu. Nafasi iliyo kati ya alipo na kanisa hilo ndiyo Lujara. Apige picha ya huko, akutumie hiyo.